Theluji ya Julai katika Njia za Mlima Rainier

Msomaji mmoja wa Tacoma ameniandikia akiuliza kama njia za Mlima Rainier, hapa jimbo la Washington, Marekani, sasa zinapitika, kwa kuwa ni Julai na huko mjini joto ni kali. Ndugu yangu, joto la mjini lisikudanganye. Paradise, ambako wengi wetu huanzia safari, ipo mita 1,646 juu ya usawa wa bahari, na katika msimu wa 1971 hadi 1972 ilianguka pale theluji ya zaidi ya mita 28. Hata katika mwaka wa kawaida, njia ya Skyline, inayopanda kutoka Paradise, huwa na theluji hadi katikati ya Julai au zaidi, hasa kwenye miteremko isiyopata jua la kutosha.

Julai iliyopita nilipanda na wenzangu kuelekea Panorama Point, mahali pa kutazamia mandhari kwenye njia hiyo ya Skyline. Tulikuta theluji imeifunika njia kwenye mteremko mkali, na mteremko huo uliishia chini kwenye miamba mitupu. Ilikuwa asubuhi na mapema, theluji ngumu kama sakafu ya saruji, na nyayo za waliopita jana yake zilikuwa zimeganda na kung'aa. Mimi nilikuwa na shoka la barafu na meno ya chuma ya kufunga viatuni. Wenzangu hawakuwa na kimojawapo. Nilipowaambia tusipite, mmoja wao aliniita mwoga mbele ya wote, na neno lile bado linaniuma. Nilisimama kwenye msimamo wangu. Tulingoja jua lilainishe tabaka la juu, tukazunguka upande ambao mteremko unaishia kwenye uwanda, nikatangulia nikichimba vidato kwa ncha ya kiatu. Walikanyaga vidato hivyo kimoja kimoja, wote wakavuka salama, na hakuna aliyenitaka radhi.

Kwa hiyo nawasihi, tusipimane ushujaa mahali ambapo mtu akiteleza hasimami. Kabla ya kukanyaga theluji yenye mteremko, tazama kwanza chini utaishia wapi. Ukisikia maji yakipita chini ya theluji, jua kwamba kijito kimeila kwa ndani na juu limebaki tabaka jembamba, basi tafuta pengine pa kuvukia. Kaa mbali na kingo za mawe na mashina ya miti, kwa sababu hapo theluji huyeyuka mapema na mguu huzama hadi pajani. Usiteremke kwa kuteleza na makalio ukiwa umevaa meno ya chuma, kwani yakinasa huvunja kifundo cha mguu. Miwani ya jua ni ya lazima, kwa maana theluji hurudisha mwanga machoni. Vijito vinavyolishwa na theluji hufura alasiri, kwa hiyo panga kuvivuka asubuhi.

Askari wa hifadhi walioko Paradise watakueleza hali ya njia ilivyo siku hiyo. Waulize kabla hujaanza kupanda, na wakikwambia sehemu fulani haipitiki, chagua njia nyingine.