Tar ya Azerbaijan: Maswali na Majibu

Swali: Tar si ala ya Waajemi? Mbona huitwa ya Kaukazi?

Jibu: Tar ni ala ya nyuzi, nazo zipo mbili zenye asili moja. Tar ya Uajemi ina nyuzi sita na hupakatwa mapajani, ilhali ya Kaukazi, eneo lenye Azerbaijan, ina nyuzi 11 na hupigwa ikiwa imelazwa kifuani. Wa kutajwa kwanza katika mageuzi yaliyoleta tofauti hiyo ni mpiga tar Mirza Sadig, maarufu kwa jina la Sadigjan (1846–1902), mwenyeji wa Shusha, Karabakh. Ala aliyoirithi ilikuwa na nyuzi tano, naye akaziongeza. Wengi humsifu kwa nyuzi hizo, lakini mimi naona kuipandisha ala kifuani kulikuwa na uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mpigaji aliyeikumbatia anaweza kuitikisa kidogo wakati uzi ungali unalia, sauti ikatetemeka na kurefuka mfano wa sauti ya mwimbaji. Ala hiyo ilienea pia miongoni mwa Waarmenia na Wageorgia.

Swali: Fundi huiundaje?

Jibu: Huanza na mti wa mforsadi, ambao huchongwa na kukombwa ndani hadi lipatikane bakuli lenye umbo la tarakimu nane, upande mmoja mkubwa na wa pili mdogo. Shingo hutengenezwa kwa mti wa jozi, na vigingi vya kukazia nyuzi kwa mti wa peasi. Kazi inayohitaji mkono mtulivu kuliko zote ni kuiwamba, kwani kinachotumika ni utando mwembamba unaouzunguka moyo wa ng'ombe, ambao hutandazwa juu ya midomo ya bakuli na kuachwa ukauke ukiwa umekazwa. Wembamba wake ndio unaoipa tar mlio mkali na wa haraka, lakini hewa yenye unyevu huulegeza, na mpigaji hulazimika kukaza nyuzi upya. Hatimaye hufungwa nyuzi za chuma: jozi tatu za kupigia wimbo, uzi mmoja mzito wa besi, na jozi mbili za kuitikia. Mafundi wengi huipamba ala kwa vipande vya chaza vinavyometa.

Swali: Je, inafanana na gambusi ya pwani yetu?

Jibu: Kwa mwili, ndiyo, kwa kuwa gambusi nayo huchongwa katika mti na kuwambwa ngozi. Tofauti iko shingoni: shingo ya tar ni ndefu zaidi, nayo imezungushiwa vifundo vya uzi vinavyoonyesha mahali pa kubonyeza, na vifundo hivyo huweza kusogezwa.

Swali: Hupigwa katika muziki gani?

Jibu: Hasa katika mugham, muziki wa Azerbaijan wenye utunzi wa papo kwa papo, ambao kwa desturi huwa na watatu: mpiga tar, mpiga kamancha (fidla ya kusimamishwa gotini) na mwimbaji mwenye dufu (ngoma ndogo ya mkononi). Mwaka 1908, mtunzi Uzeyir Hajibeyov alipoonyesha mjini Baku opera yake ya kwanza, tar ilipigwa na Gurban Pirimov, mwanafunzi wa Sadigjan. Mwaka 1952 mtunzi Haji Khanmammadov aliitungia tar konseto ya kupigwa pamoja na okestra kamili.

Swali: Ni kweli iliwahi kupigwa vita?

Jibu: Ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya utawala wa Kisovieti, walitokea watu waliotaka iondolewe kwa hoja kwamba ni masalia ya zama za kale. Mshairi Mikayil Mushfig aliitetea kwa shairi mwaka 1929. Yeye mwenyewe aliuawa kwa risasi mwaka 1938 katika msako wa Stalin. Hajibeyov aliijibu hoja hiyo kwa vitendo: mwaka 1931 aliunda okestra ya ala za jadi ambamo wapiga tar walisoma nota, na hivyo wapinzani wakakosa sababu ya kudai kwamba ala hiyo haiwezi muziki wa kisasa. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza sanaa ya kuunda na kupiga tar ya Azerbaijan katika orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu.