JIBU: Kushuka hadi kilo 63 ili upande Manyovu? Dogo, weka hiyo mizani chini

Nimeusoma uzi wako nikiwa nasubiri dagaa zipimwe hapa Mwanga, Kigoma, bega la kushoto likaanza kuniuma lenyewe. Kwa nini bega, utaelewa ukifika chini.

Kwa waliochelewa kuingia: kijana wa Gungu, urefu mita 1.83, kilo 78, anataka ashuke hadi kilo 63 ndani ya miezi miwili ili apande kwa baiskeli barabara ya Manyovu kama Chris Froome, bingwa wa Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa. Kuna mtu kamwambia "urefu wa sentimita toa 120, hiyo ndiyo kilo ya mpanda milima." Ameuliza pia habari za gia. Tulia, nitayajibu yote.

Urefu toa 120. Hiyo kanuni naijua, niliilipia kwa hela yangu.

Hebu iweke juu ya watu wenyewe tuone. Tadej Pogačar ana mita 1.76. Toa 120, anabaki na 56. Anashindana akiwa na kilo kama 66. Maana yake aliyebeba Tour de France 2020, 2021, 2024 na 2025 ana kitambi cha kilo 10, ila wenzake wamemwonea aibu kumwambia. Jonas Vingegaard, 1.75, kanuni inampa 55. Ana kama 60 na bado watu wanamwona mifupa mitupu. Nairo Quintana wa Colombia, mita 1.67, anapewa 47. Kilo 47, dogo! Alichukua Giro, mbio kubwa za Italia, ya 2014 akiwa na kama 58. Hata Marco Pantani, mita 1.72 na kilo 57 hivi, aliyebeba Giro na Tour mwaka mmoja, 1998, anahesabiwa mnene. (Najua mtaniambia habari za damu kuchezewa kwa dawa zama zile, na kwamba 1999 alitolewa kwenye Giro akiwa anaongoza. Sawa. Kanuni ilimkosea hata hivyo.)

Nani anakaribia kuenea humo? Froome. Mita 1.86, kilo 68 au 69. Basi. Suruali imeshonwa kwa mwili wa mtu mmoja, halafu inauzwa kwamba inamtosha kila mtu.

Na mimi, kwa bahati mbaya, nina mita 1.86.

Ndipo alipokuja huyo bingwa wa kunishauri. Simtaji, alikuwa kwenye kundi la WhatsApp, picha yake ya wasifu amevaa jezi ya njano ambayo nina hakika ilitoka mnadani. Akaniuliza urefu wangu, nikamtajia, akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Bingwa, una mwili wa Froome, umeuficha tu." Nani angekataa? Froome mwenyewe kazaliwa Nairobi, jirani kabisa, kabeba Tour 2013, 2015, 2016 na 2017. Nilikuwa na kilo 82. Nikajiona nimebakiza kilo 16 tu niwe mtu wa kuongelewa kwenye redio.

Programu yake nikaitumia hela kwa simu. Ilikuwa hivi: mlo mmoja kwa siku, jioni, ugali usizidi ngumi. Safari zote ndefu tumbo tupu, maji peke yake, eti "njaa ndiyo mafuta yakiungua." Mawese marufuku. Kumwambia mtu wa Kigoma mawese marufuku, hapo ningeshtuka.

Wiki za mwanzo mizani ilinipenda. Kilo zinashuka, mashavu yanaingia ndani, mimi natuma picha kwenye kundi, watu wanapiga makofi. Shati likaanza kunivaa. Mke wangu akanivuta pembeni akaniuliza taratibu kama nina deni la mtu. Nikamwambia ni maandalizi. Akasema, "Maandalizi ya nini, baba, ya mazishi?"

Sikiliza sasa sehemu ambayo hakuna aliyeipigia makofi. Ile milima ukishaipita Mwandiga nilikuwa nazidi kuipanda taratibu. Nilikuwa naiona saa, naona dakika zinaongezeka, na kila mara nina kisingizio: upepo wa ziwani, joto, cheni kavu. Nikimwandikia bingwa ananijibu, "Mwili unajibadilisha, usiangalie saa, angalia mizani." Dogo, isome tena hiyo sentensi. Mashindano yanaamuliwa kwa saa, na mtu anakwambia usiangalie saa. Nami nikatii!

Siku niliyozinduka, nilikuwa nimeinama juu ya usukani, gia nyepesi kuliko zote, moyo unapiga hovyo na miguu haina kitu. Nyuma nikasikia ngo, ngo, ngo. Jamaa kwenye baiskeli ya Phoenix ya gia moja, madumu matupu ya mawese yamefungwa kwa mpira wa tairi pande zote mbili, yanagongana kila akikanyaga pedali. Kandambili mguuni. Akanifikia, akanitazama usoni, akasema kwa upole kabisa, "Kaka, unaumwa?" Kisha akanipita. Nisingejali angenicheka. Alinionea huruma.

Mtu mwenye akili angegeuza akaenda kula. Mimi nikasukuma hadi juu, nikageuza, nikaanza kuteremka kwa kasi ili kufidia. Kwenye kona nikaona giza linaingia pembeni mwa macho. Nilichokuja kukumbuka ni changarawe mdomoni na mama mmoja wa ndizi anapiga kelele niitiwe bodaboda. Mtulinga ulikuwa umevunjika, na fremu ya kaboni, niliyodunduliza muda mrefu na kuisafirisha kwa treni kutoka Dar, ilikuwa na ufa ambao hakuna fundi wa Kigoma aliyetaka kuugusa. Daktari alipoona majibu ya damu hakuniuliza habari ya baiskeli. Aliniuliza nyumbani tunakula nini. Nikaona aibu kumwambia kwamba chakula kipo, ila nililipa ili nisikile.

Msimu wote ukapotea. Nguvu za miguu zilichelewa kurudi kuliko mfupa. Nilipomwandikia bingwa alijibu, "Hukufuata programu ipasavyo," akanitoa kwenye kundi.

Nieleze kwa nini kanuni hiyo inavutia, maana ndani yake kuna ukweli nusu, na huo ndio unaoumiza. Mlimani unapambana na uzito. Chukua kilomita moja yenye mwinuko wa asilimia 8, yaani unajiinua mita 80. Wewe kilo 78, weka 9 za baiskeli, maji na nguo: 87. Ukikanyaga wati 300 (wati ndicho kipimo cha nguvu za miguu yako), ukiacha upepo na msuguano, utatumia kama dakika 3 na sekunde 48. Ukiwa na kilo 63 na wati zile zile 300, unatumia 3 na 8. Sekunde 40 kwa kilomita! Hapo ndipo mate yanapomtoka mtu.

Lakini nani kakwambia wati zitabaki 300? Ukijinyima hadi zikashuka kuwa 240, kilomita ile ile inakula 3 na 55. Umepoteza kilo 15, umelala na njaa miezi miwili, na umechelewa kuliko ulipokuwa unakula. Kikomo chako ni kama asilimia 17: nguvu zikishuka zaidi ya hapo, kila kilo uliyotoa ni hasara.

Ndiyo, kwenye milima mirefu wadogo wana nafasi nzuri kuliko wakubwa, sibishi. Mwili ukikua, uzito unaongezeka haraka kuliko uwezo wa kutumia hewa ya oksijeni, na ngozi ya kutolea joto haiongezeki kwa kasi ya uzito, kwa hiyo mkubwa huchemka mapema, na mlimani huna mwendo wa kukupepea. Tambarare mambo yanageuka, upepo haukutozi kwa kilo. Hata mlimani mdogo ana mzigo wake: sheria ya mashindano kwamba baiskeli isiwe chini ya kilo 6.8 ni moja kwa wote, na kwa mtu wa kilo 57 hiyo ni karibu asilimia 12 ya mwili wake, kwa mtu wa 80 ni 8 na nusu.

Halafu tazama wakubwa waliopanda wakiwa wakubwa. Miguel Indurain, mita 1.88, kilo kama 80, alishinda juu ya mlima wa Luz Ardiden 1990, kisha akabeba Tour tano mfululizo, 1991 hadi 1995. Wout van Aert, mita 1.90, kilo 78 hivi, yaani kilo zako kwenye mwili mrefu kuliko wako, mwaka 2021 alishinda hatua ya Tour (mbio za siku moja ndani yake) iliyopanda mlima wa Mont Ventoux mara mbili. Mwaka uliofuata, pale kwenye mlima wa Hautacam, yeye ndiye aliyevuta mbele hadi Pogačar akaachia, Vingegaard akaenda kushinda. Hakuna aliyemwambia van Aert atoe 120.

Na sisi tulio jirani na Rwanda hatuna kisingizio, ubingwa wa dunia wa 2025 ulikuwa Kigali. Kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, waliomaliza mbio za wanaume ni 30 tu. Pogačar mwenye "kitambi" alienda peke yake kilomita 66 za mwisho. Tazama video, hesabu wanavyotia kitu mdomoni. Siku hizi mabingwa wanakula gramu 90 hadi 120 za wanga kwa saa wakiwa juu ya baiskeli. Ndizi moja mbivu ni kama gramu 25. Kigoma hii ndizi si tatizo letu.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitaipigania hapa hadi moderata anifungie: chagua mlima mmoja, upande ukiwa umeshiba na umelala, andika muda. Rudia kila wiki, saa ile ile, baiskeli ile ile. Kilo zikishuka na muda unashuka, endelea taratibu. Kilo zikishuka na muda umeganda au umepanda, unakula mguu wako mwenyewe. Ongeza ugali siku hiyo hiyo. Huna kifaa cha kupimia wati, hata mimi sina. Saa ya mkononi inatosha.

Kuhusu gia: tafuta kaseti (zile gia za gurudumu la nyuma) ambayo kubwa yake ina meno 32, usione haya. Bingwa wangu aliniambia 32 ni ya akina mama na watalii, nikapanda na 25 huku nina njaa, miguu inazunguka kama imefungwa mawe, na hilo nalo lilichangia, maana mtu mwenye njaa akikanyaga gia nzito ... basi, nisianze tena.

Jumamosi kunywa uji, beba ndizi, panda kuanzia Mwandiga, ulete muda wako hapa kabla hujapunguza hata punje ya wali. Na huyo mshauri wako, kama meseji zake zinaanza na "Bingwa," nitumie namba yake inbox. Nadai hela yangu.