Kifua wazi ziwani Kigoma: atakamatwa au hatakamatwa?

Mkuu, umeuliza kama shemeji yako Mkanada, mke wa kaka yako, akija Kigoma mwezi wa kumi na mbili anaweza kuota jua ufukweni bila nguo ya juu, maana kwao Ontario ni ruksa. Wengi hapo juu wamekujibu kwa matusi. Mimi ni mama wa dagaa, nimeanika dagaa Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, tangu nimalize shule, ngoja nikwambie ninachokijua.

Ukiipekua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hukuti kifungu kinachotaja matiti. Kinachoweza kumbana ni cha 176, kile cha wazururaji, ambacho kinamgusa pia mtu anayefanya kitendo cha aibu hadharani bila sababu halali. Sasa aibu ni ipi? Hapo ndipo penye kazi. Ataamua askari aliyekukuta, kisha hakimu, na kabla yao wote wataamua kina mama waliokaa pale wanakutazama.

Mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapotia nanga, alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri, wanawake tunaoga ziwani. Khanga inabaki kiunoni, kifua wazi, huyu anamsugua yule mgongo, na stori za bei ya dagaa haziishi. Wanaume wana upande wao. Mitumbwi ikirudi na mzigo, wavuvi wanapita wakitazama maji, na asiyetazama maji anatukanwa mpaka anafika nchi kavu. Polisi sijawahi kumwona hapo kwa ajili hiyo. Lakini mwanamke huyohuyo akipanda barabarani vilevile alivyo, watu watajua amerukwa na akili, watamkimbilia na nguo.

(Aliyeandika hapo juu kwamba kifua wazi si "utamaduni wetu" akumbuke Operesheni Vijana ya 1968. Vijana wa TANU walipambana na sketi fupi na mawigi Dar es Salaam. Bibi zetu waliokuwa wanaoga ziwani hakuna aliyewasumbua.)

Miaka kadhaa nyuma alikuja dada wa Kizungu, akatandika taulo saa nane mchana karibu na vichanja vyetu, akavua juu, akalala. Vijana wa bodaboda wakazima pikipiki. Hakuna aliyeita polisi. Bibi mmoja akainuka na khanga yake, akamfunika, akamsemesha kwa Kiha maneno ambayo siyaandiki hapa, halafu akaketi naye wakala maembe. Yule dada alicheka, akajifunga, jioni akaondoka na khanga ya watu. Bibi alilalamika wiki nzima: doti mpya, imebaki kipande kimoja!

Kunyonyesha usikuchanganye na haya. Niliwahi kuzuiwa na mlinzi wa ofisi fulani nikimnyonyesha mwanangu kwenye benchi, eti nikajifiche chooni. Nilimuuliza yeye chakula chake huwa anakila chooni? Akanyamaza. Baadaye nikaja kujua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa mpaka jumla ya masaa mawili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, amnyonyeshe mtoto. Mimi sikuwa mwajiriwa wao, ila kama sheria inalijua ziwa la mama kazini, benchi ni nini?

Na hiyo ruksa ya Ontario haikudondoka kutoka mbinguni. Julai 1991, mwanafunzi Gwen Jacob alitembea bila shati mjini Guelph kwa sababu ya joto. Akashtakiwa kwa kitendo cha aibu, maneno yaleyale ya kwetu, akatozwa faini ya dola 75. Akakata rufaa, na mwaka 1996 Mahakama ya Rufaa ikamfutia hatia. Miaka mitano ya kupanda na kushuka mahakamani, Mkuu. Shemeji anakuja likizo, usimpe kazi hiyo.

Akitaka kuoga kama sisi, amtafute mama mwenyeji, waende pamoja alfajiri upande wa wanawake, simu ya kupiga picha ibaki nyumbani. Mchana avae nguo ya kuogelea, akitoka majini ajifunge khanga, asipite nayo mabegani tu sokoni Mwanga. Na kama atafunikwa na khanga ya mtu, tafadhali airudishe.