Pazia la kijani limetoka, kijani kimebaki kwenye nywele na shingo

SWALI: Habari za kazi. Nimepiga picha 40 za vitambulisho mbele ya pazia la kijani, na sasa nalitoa pazia kwa Photoshop ili niweke mandharinyuma meupe. Nywele zilizojiviringa zinabaki na ukingo wa kijani, na chini ya kidevu na kwenye kola kuna kijani hafifu. Nilipopunguza ukolevu wa kijani kwa Hue/Saturation, ukingo uligeuka kijivu. Nikiibana maski (ramani ya nyeusi na nyeupe inayoamua kipi kionekane na kipi kifichwe) kuelekea ndani, nywele zinaonekana kama zimekatwa kwa mkasi. Nina faili za RAW (data ghafi ya kamera) na za JPEG. Je, nirudie kupiga?

JIBU: Usirudie bado. Hapo una matatizo mawili yenye rangi moja, na ndiyo maana dawa moja haikutosha. Kwenye ukingo wa nywele, pikseli moja imebeba unywele na pazia kwa pamoja, kwa sababu unywele ni mwembamba kuliko pikseli yenyewe. Chini ya kidevu, pikseli yote ni ngozi, ila imemulikwa na mwanga uliogonga pazia ukarudi. Nywele zinahitaji maski na marekebisho ya rangi kwa pamoja. Kidevu kinahitaji rangi peke yake. Hata uichezee maski vipi, hutakigusa.

Kijivu ulichokipata kina hesabu yake. Chukua pikseli ya ukingo wa nywele nyeusi yenye nyekundu 45, kijani 130 na buluu 50, kwa kipimo cha 0 hadi 255. Ukiishusha ukolevu hadi mwisho, Hue/Saturation inachukua katikati ya thamani ya juu na ya chini, yaani 130 na 45, na kukupa kijivu cha 88 hivi. Nywele zenyewe ziko kwenye 45 hadi 50. Umeondoa rangi ya pazia lakini mwanga wake umeuacha palepale, nao ndio ule ukungu unaouona. Kinachotakiwa ni kukishusha kijani chenyewe hadi kilingane na majirani zake: kisizidi wastani wa nyekundu na buluu. Kwa pikseli hiyo, 130 inashuka hadi 48, na nywele zinarudi kuwa nyeusi.

Kabla ya hapo, angalia mpangilio wa kazi, maana ndipo wengi wanapojiharibia. Maski itengenezwe kutoka kwenye picha ambayo kijani chake hakijaguswa. Ukianza kusafisha rangi, unafuta ile tofauti ambayo programu inaitegemea kutenganisha mtu na pazia.

Fungua RAW, si JPEG, na ufanye kazi kwa biti 16. JPEG za kamera kwa kawaida huhifadhi rangi kwa usahihi mdogo kuliko mwanga, mara nyingi thamani moja ya rangi kwa kila pikseli mbili au nne, kwa hiyo kingo za nywele hutoka na ngazi ngazi hata kama picha inaonekana kali kwa macho.

Nenda kwenye Select kisha Color Range, bofya pazia karibu na nywele, na ushikilie Shift kuongeza sehemu zilizo na mwanga tofauti. Fuzziness ya 40 hadi 60 hutosha kwa pazia lililomulikwa sawasawa. Geuza uteuzi ili uwe wa mtu, kisha uufanye maski ya leya (tabaka la picha). Sasa bofya maski huku umeshikilia Alt, au Option kwenye Mac, uione yenyewe peke yake. Mandharinyuma yawe meusi kabisa na mwili uwe mweupe kabisa, lakini nywele zibaki na kijivu chake. Ukitumia Levels juu ya maski, sogeza nyeusi hadi 15 au 25 na nyeupe hadi 235 au 225, na usimame mara tu nyuzi za nywele zinapoanza kukatika. Matundu yaliyobaki ndani ya mwili yajaze kwa brashi nyeupe. Huko kubana maski kulikokuletea kingo za mkasi kulikuwa kunafuta kijivu hiki, ambacho ndicho unywele wenyewe. Kama lazima ubane, Shift Edge ya Select and Mask isipite -10, na ufanye hivyo mabegani, si kichwani.

Baada ya maski, weka leya ya marekebisho ya Channel Mixer juu ya leya ya mtu na uibanishe nayo (clipping mask) isiguse mandharinyuma mapya. Chagua chaneli ya kijani na uweke nyekundu 50, kijani 0, buluu 50. Picha itabadilika rangi vibaya, usishtuke. Badilisha modi ya leya hiyo kuwa Darken. Darken hulinganisha kila chaneli na kuchukua thamani ndogo, kwa hiyo nyekundu na buluu hazibadiliki, na kijani kinashuka pale tu kilipozidi wastani wa wenzake. Usichague Darker Color, ambayo hulinganisha pikseli nzima na kuharibu hesabu yote. Kwa kuwa 50 na 50 hufanya 100, vitu vyeupe na vya kijivu havipati doa: kola yenye 225, 245, 228 inakuwa 225, 227, 228, nyeupe safi.

Kuna rangi ambazo hesabu hii inaziumiza. Nguo ya njano yenye 220, 200, 40 ina wastani wa 130, kwa hiyo itageuka kuwa ya machungwa iliyoiva. Nguo ya samawati-kijani itakimbilia buluu. Nguo hizo zifiche kwa brashi nyeusi kwenye maski ya Channel Mixer, kisha kwa nguo ya njano unaweza kuongeza leya ya pili yenye nyekundu 100 na buluu 0 kwa eneo hilo tu: njano haitaguswa, na kijani kitazuiwa kisiipite nyekundu. Usitumie mpangilio huo usoni, maana utakuachia ngozi ya manjano.

Ngozi nyingi haiguswi na 50/50 kwa sababu kijani chake cha asili tayari kiko chini ya wastani. Kwa upande mwingine, ndiyo maana kidevu kilichochafuka kinaweza kubaki na rangi ya zeituni. Mfano, 150, 140, 95 inashuka hadi kijani 123, na ngozi ya jirani iliyo safi ina 110. Tengeneza Channel Mixer nyingine ya Darken yenye nyekundu 45 na buluu 45 kwenye chaneli ya kijani, ijaze maski yake nyeusi, kisha upake kidevu na shingo kwa brashi nyeupe laini. Kijani kitafika 110. Isiguse meno, weupe wa macho wala kola, maana kitu cha kijivu kitakachopita hapo kitaingia uzambarau. Ngozi itakuwa imefifia pia, kwa kuwa kwenye sRGB (mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini) kijani hubeba takriban asilimia 72 ya ung'avu. Nakili maski ileile kwenye leya ya Curves na uinue katikati kidogo, kutoka 128 hadi 136 hivi, ukilinganisha na shavu.

Decontaminate Colors ndani ya Select and Mask haina ubaya, lakini hufanya kazi ukingoni tu, na huburuta rangi za ndani kwenda nje. Kwenye nywele zilizojiviringa mara nyingi huacha mabaka. Mimi huipendekeza kwa nywele zilizonyooka tu.

Kwa anayetumia GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha), njia ni ileile: nakili leya, tumia Channel Mixer na kuweka 0.5, 0 na 0.5 kwenye kijani, kisha modi ya Darken only. Color to Alpha nayo husafisha nywele vizuri sana, ila hutoboa kila kitu chenye kijani hata ndani ya mwili, hivyo weka chini yake nakala ya mtu iliyokatwa kwa mkono, ndani kidogo ya ukingo.

Kagua kila picha juu ya leya tatu: nyeupe, nyeusi na zambarau ya magenta. Nyeupe huficha kingo angavu, nyeusi huficha kingo za giza. Magenta ndiyo kinyume cha kijani, kwa hiyo mabaki madogo hujitokeza hapo. Miwani ya chuma na hereni ndivyo vitu vya mwisho kusafika. Vipake kwa brashi yenye modi ya Color kwa rangi iliyochotwa sehemu safi ya chuma hichohicho.

Picha za kurudia ni zile ambazo pazia lililo nyuma ya nywele limeungua, yaani limekuwa karibu jeupe badala ya kijani. Hapo hakuna tofauti ya rangi iliyobaki ya kutengenezea maski. Utakapozirudia, mweke mtu mita 2 au zaidi mbele ya pazia, pazia lipate taa zake lenyewe, na mwanga wake uwe chini ya ule wa uso kwa stopu moja hivi, yaani nusu yake. Kunja au funika kila sehemu ya pazia isiyoonekana ndani ya fremu, hasa ya sakafuni, kwa sababu kijani cha chini ya kidevu mara nyingi hutoka huko. Piga kwa f/8 na ISO ya chini, ili nyuzi za nywele zisiwe na ukungu wala chembechembe.