Karura na Shangazi Yangu wa Kipipiri

Swali la wiki lilikuwa hili: kwa mtu asiyezoea mazoezi, ni matembezi gani mepesi ya msituni, humu ndani ya Nairobi, unayompendekezea msimu huu wa vuli?

Najua mtakachopokea. Wengi wataandika msitu wa Karura, wataje maporomoko na mapango, na kabla ya yote watawaeleza wasomaji pa kuegesha gari. Hapo ndipo hasira iliponipanda hata sijashika kalamu. Kila anayeelezea matembezi katika jiji hili huanzia kwenye maegesho, kana kwamba sisi wengine hudondoka langoni kutoka mawinguni. Asiye na gari ameshatembea tayari. Ametoka nyumbani hadi steji, akashuka mjini akavuka hadi steji nyingine, akapita kando ya barabara isiyo na njia ya miguu huku bodaboda zikimpigia honi, na bado hajaona mti hata mmoja. Mimi ningeuliza mtu anafikaje huo msitu, na anaingia na nani. Njia yenyewe, ukishaingia, ni jambo dogo.

Kwa hiyo nilikusudia kujibu kwa neno moja, Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, nikaendelea na shughuli zangu. Ukiwa katikati ya mji unafika kwa miguu kupitia State House Road, na mijakaranda ikichanua mwezi wa Oktoba, unaanza kukanyaga maua ya zambarau kabla hujafika langoni. Eneo ni kama hekta 30 tu, hata ukijaribu kupotea utashindwa. Palianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni iliyotarajiwa kukua haraka, maana reli ilihitaji kuni za magari-moshi. Ndiyo sababu miti ya pale imesimama kama wageni kwenye warsha, kila mmoja na jina lake kifuani. Ukichoka unakaa. Ukikaa, kima wanakunyang'anya ulichobeba. Ndivyo kulivyo.

Lakini nilipoanza kuandika nilimkumbuka Tata, na hoja yangu ikaanza kuyumba.

Tata ni dada mkubwa wa baba yangu. Shamba lake liko chini ya mlima Kipipiri, kule Nyandarua, na hajawahi kulipenda jiji. Mwaka jana, vuli kama hii, alikuja kukaa nasi Ruaka kwa ajili ya matibabu ya magoti. Daktari akamwagiza atembee kila siku, polepole, pasipo na mlima. Hebu fikirieni mtu aliyebeba viazi mgongoni tangu utotoni akiambiwa dawa yake ni kutembea. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Sasa mama, nitembee nikienda wapi?" (Huniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, na hunituma kazi kama binti yake. Heshima hiyo haijawahi kunisaidia.)

Tulienda Karura kwa sababu moja tu: matatu zetu hupita mbele ya lango la Limuru Road. Kondakta alitupitisha tukashukia mbele zaidi, tukarudi kwa miguu ukingoni mwa barabara, Tata akilalamika njia nzima kwamba daktari hakusema habari ya malori. Langoni malipo ni ya simu, kwa hiyo noti alizokuwa ameshika mkononi zikarudi kwenye kitambaa chake, na akataka kujua ni msitu gani huu usiojua pesa.

Ndani hakutembea. Alikagua. Mbele ya mti wa mukinduri alisimama akatazama chini ni mbegu ngapi zimeanguka bila mtu wa kuziokota. Kwenye muthiga alizunguka shina lote akitafuta alama za panga. Gome la muthiga ni kali kama pilipili, watu hulitafuna kwa kikohozi na maumivu ya meno, na huko kwetu mti huo ukijulikana ulipo hauchukui muda kubaki uchi. Huu ulikuwa mzima. "Una ngozi yake yote," alisema, kwa sauti ya mtu anayeshuku kuna kitu amefichwa. Kwa muiri naye alikuwa na hadithi ndefu ya malori yaliyokuja kuchukua magome miaka hiyo, maana huko Ulaya magome hayo hutengenezwa dawa ya tezi dume. Biashara ya magome hayo kati ya nchi na nchi sasa inadhibitiwa, lakini Tata habari za udhibiti hazimwingii kirahisi. Wakimbiaji walitupita, wakazunguka, wakatupita tena.

Halafu tukawaona mbega. Walikuwa juu kabisa, weusi na ile mikia myeupe mirefu ikining'inia. Mimi nikatoa simu nipige picha. Tata akasimama wima, fimbo mkononi, akasema, "Hawa nawajua."

Nilidhani anatania. Nikamweleza nilichokuwa nimesoma, kwamba kuanzia mwaka 2014 mbega walihamishiwa Karura kutoka upande wa Kipipiri, kwa sababu miti ilikuwa imekatwa wakabaki kwenye vijisitu katikati ya mashamba wakigombana na wakulima. Mkulima mwenyewe alikuwa amesimama kando yangu. "Kumbe ndiko walikoletwa!" Akakumbuka siku vizimba vilipoonekana kijijini, watoto wakavifuata mbio, na majirani wakabishana iwapo nyani wa serikali wanaweza kukulipia hasara ya msimu mmoja. Akaketi kwenye gogo. Akainua fimbo akaanza kuwasema kwa Kikuyu, si kwa ukali sana, kama mtu anayemkumbusha mdeni: nyinyi, mlikula njegere zangu, mlikula mpaka mkamaliza ule mstari wa juu karibu na mto.

Kijana mmoja aliyekuwa na darubini shingoni alisimama kusikiliza. Akamweleza kwa upole, "Shosho, mbega hawali mazao sana, wao hula majani." Tata akamgeukia. "Na majani ya njegere ni nini?" Kijana akacheka, akaketi naye chini. Walibishana muda mrefu, yeye akitetea tumbo la mbega, ambalo kweli limeumbwa kusaga majani, Tata akitetea shamba lake. Mwishowe Tata akauliza kama hawa wanyama nao hulipa kwa simu wakiingia.

Hatukufika kwenye maporomoko. Hatukukaribia hata mapango ambayo kila mtu husimulia wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Wakati wa kurudi tulipishana na akina mama wenye mizigo ya kuni mgongoni, Tata akawasalimu kwa jina la kazi yao, akataka kujua wanaruhusiwa kuchukua kuni zipi. Zilizoanguka, wakamjibu. Akaridhika kuliko nilivyomwona akiridhika na kitu chochote hapa mjini. Ndipo akauliza kama huu ndio msitu ambao Wangari alipigiwa. Nikamwambia ndio. Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walikuja kupanda miti wakati vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa watu binafsi wajenge, wakashambuliwa hadi damu. Tata alikuwa amezisikia habari hizo redioni, na miaka yote alidhani msitu wenyewe uliisha.

Sasa mnaona shida yangu. Nilikuja kuwaambia Karura ni ya wenye magari na viatu vya bei, na bado nasema wenye viatu vya bei wanapendelewa pale. Lakini yule mgonjwa wa magoti alikaa msituni asubuhi nzima bila kuniuliza hata mara moja tumebakisha mwendo gani. Nikimzungusha mtaani kwetu huuliza kila baada ya nyumba mbili. Karura ina njia nyingi, na makutano yake yamewekwa namba, kwa hiyo unaweza kugeuka popote na hakuna atakayejua kwamba ulikusudia kwenda mbali zaidi. Arboretum, pamoja na udogo wake, siku za wikendi utashindana na vikundi vya maombi vinavyokemea mapepo kwa sauti ambayo hata kima hawaizoei. Siwalaumu. Wao pia wanatafuta mahali.

Basi jibu langu ni Karura, lango la Limuru Road, ila msininukuu nusunusu. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijaanza kukusanyika. Ule udongo mwekundu ukilowa huteleza vibaya, na mtu wa magoti asijaribu kabisa mteremko wa kushukia maporomoko. Mvua za kwanza huwatoa siafu, kwa hiyo ukisimama kuangalia mbega, angalia kwanza umesimama wapi. Hakikisheni kuna pesa kwenye simu na simu ina chaji. Kama mvua imenyesha usiku kucha, achaneni na Karura siku hiyo mwende Arboretum, na kama ni Jumapili, basi laleni. Na mwenye mzee aliyewahi kulima karibu na msitu aende naye, hata kama atalalamika. Mimi nadhani malalamiko ndiyo yaliyomtembeza Tata, ingawa daktari wake anasema ni vidonge.

Amepiga simu juzi. Anakuja tena Desemba, na anataka kujua kama wale mbega wamezaana. Nimemwambia abebe gambuti.