Vichujio kwenye pachi za chembe: kwa anayeanza Pure Data

Wengi wanaojenga pachi (programu ya kuunganisha visanduku kwenye Pure Data, programu ya kutengeneza sauti) yao ya kwanza ya chembe za sauti, yaani vipande vifupi mno vya sauti vinavyopishana, huweka kichujio ndani ya kila chembe. Chembe 32, vichujio 32. Laptopu ikianza kukwaruza, lawama inaangukia kadi ya sauti, wakati anayezidiwa ni prosesa.

Vichujio kama lop~ (hupitisha masafa ya chini) na hip~ (hupitisha ya juu) vina tabia moja nzuri: ukichuja chembe mojamoja kisha ukazijumlisha, utasikia kilekile ambacho ungesikia kwa kuzijumlisha kwanza na kuchuja mara moja. Basi kama chembe zote zinakatwa kwenye masafa yaleyale, kichujio kimoja baada ya jumla kinatosha. Sharti ni kwamba hata ndani ya chembe kichujio kilikuwa kinakuja baada ya envelopu (umbo la kupanda na kushuka kwa sauti ya chembe), na hapakuwa na distoshen (ukwaruzaji wa makusudi wa sauti) katikati.

Unataka kila chembe iwe na rangi yake? Mimi hutumia njia nne za kupitishia sauti, tuseme za Hz 300, 900, 2500 na 6000, kila moja na kichujio chake, na kila chembe inayozaliwa hupangiwa njia kwa bahati nasibu. Chembe za milisekunde 30 zikishapishana kwa wingi, ni nadra mtu kugundua kuwa rangi ni nne tu.

Ukilazimika kuchuja ndani ya chembe, achana na vcf~, kichujio kinachopitisha ukanda mmoja wa masafa. Masafa yake yanaingia kama signali, hivyo inapiga hesabu upya kwa kila sampuli. bp~, nacho cha ukanda, hupokea masafa kama namba ya kawaida: itume mara moja chembe inapoanza, ukitanguliza ujumbe wa clear (unaofuta kilichobaki ndani ya kichujio), la sivyo mkia wa chembe iliyopita utavuja kwenye mpya.

Q kubwa (Q ni ukali wa kichujio: ikiwa kubwa, ukanda unaopita ni mwembamba) nayo huwahadaa wengi. Masafa ya chembe ya milisekunde 20 yametawanyika kwa takriban Hz 50, hutaibana zaidi ya hapo ikabaki fupi. Q ya 50 kwenye Hz 500 italia kwa karibu moja ya tano ya sekunde, na chembe zitayeyuka kuwa filimbi. (Kuna wanaoitafuta filimbi hiyo makusudi. Sawa.)

Kama ulirekodi mvua kwenye mabati na mngurumo wa chini unakukera, uondoe kwenye faili lenyewe kabla ya kulipakia. Kwa nini ulipie kazi hiyo kila sekunde? Chembe zisizolia zizime kwa switch~, inayosimamisha hesabu za sauti za pachi ndogo iliyomo.