Kabla hujaacha ugali, pima mafuta: maswali na majibu kwa wanaopunguza uzito

Maswali ya safari hii karibu yote yanauliza kitu kimoja: niache nini? Tumejibu kwa vipimo vya jikoni. Kijiko cha chakula cha mafuta ni mililita 15, na kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4. Kalori tunazotaja ndizo zile zinazoandikwa kcal kwenye pakiti. Pakiti yako ikiwa na kJ peke yake, gawanya kwa 4.2.

Nimeacha ugali kabisa, wiki ya sita sasa. Wiki mbili za kwanza nilipungua kilo tatu, baada ya hapo mzani umegoma. Nakula mboga za majani, nyama, na karanga nikisikia njaa. Nakosea wapi? (Morogoro)

Zile kilo tatu sehemu kubwa yake ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji ya gramu tatu hivi. Ukikata ugali ghafla akiba inatumika, maji yanatoka kwa mkojo, na mzani unashuka haraka hata kama mafuta ya mwilini hayajaguswa sana. Ndiyo maana watu wengi hushangilia wiki ya pili na kukata tamaa wiki ya sita.

Sasa tazama kilichoingia mahali pa ugali. Unga mkavu wa mahindi gramu 100 una kalori 360 hivi. Vijiko vitatu vya chakula vya mafuta vina kalori zilezile, na vijiko vitatu huingia kwenye sufuria ya mchicha bila mtu kugutuka. Karanga ndiyo kabisa: zinazojaa kiganja kimoja, gramu 30, ni kalori 170. Zikijaa kikombe kizima cha chai zinapita 800. Ni chakula kizuri, lakini si cha kutafuna huku unaangalia simu.

Rudisha ugali. Pima unga kabla ya kusonga, gramu 100 kwa mlo, kwa sababu uzito wa ugali ulioiva haukuambii chochote: wa mtu mmoja ni mgumu, wa mwingine una maji mengi. Dona na sembe vinalingana kwa kalori, ila dona lina nyuzinyuzi zaidi na linashibisha kwa muda mrefu. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali, robo maharage, samaki au nyama. Karanga pima kiganja kimoja, funga mfuko. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, kabla ya chai.

Nyumbani tuko wanne na anayepunguza ni mimi tu. Siwezi kupika sufuria mbili. Nitajuaje kama mafuta yamezidi? Na je, ya alizeti si mepesi kuliko mengine? (Nakuru)

Tuanze na la mwisho: hapana. Alizeti, mahindi, mawese, nazi, yote ni kalori 120 kwa kijiko cha chakula, ikipungua au kuzidi kidogo. Kwa moyo yanatofautiana. Kwa uzito hayatofautiani.

Kujua kama yamezidi hakuhitaji mzani. Siku unayofungua chupa ya lita moja, andika tarehe ubavuni kwa kalamu. Ikiisha, hesabu siku. Kwa watu wanne, ikikaa siku tano tu, kila mmoja amekula mililita 50 kwa siku, yaani kalori 400 zaidi, na hakuna aliyeziona kwenye sahani. Lengo ni chupa ikae siku kumi na mbili. Hapo kila mtu anapata mililita 20 hivi kwa siku, zinatosha kabisa kwa ladha. Faida nyingine ni kwamba huhitaji kubishana na mtu mezani. Chupa ndiyo inayosema.

Tatizo huanzia kwenye kumimina. Dumu likiinamishwa juu ya sufuria, hata kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, linatoa vijiko vitatu au vinne. Weka kijiko cha chakula kando ya jiko na umimine ndani yake, si ndani ya sufuria. Kwa mchuzi wa watu wanne anza na vijiko viwili, kitunguu kiingie moto ukiwa wa wastani, ufunike. Kikianza kushika, nyunyizia maji vijiko viwili badala ya kuongeza mafuta, koroga, kisha weka nyanya. Wanaoshindwa na njia hii wengi wao wanapika kwa moto mkali: kitunguu kinaungua kabla hakijalainika, halafu wanasema chakula cha mafuta machache hakina ladha. Sukuma wiki nayo ikaangwe kwa dakika chache tu. Ikikaa sana inatoa maji, na mpishi anaongeza mafuta ili ing'ae.

Chipsi mayai mara tatu kwa wiki, ndicho chakula cha karibu na kazini. Je, nikiagiza chipsi kavu nitakuwa salama? (Dar es Salaam)

Umepunguza, hujawa salama. Viazi vya kuchemsha vina kalori 87 hivi kwa gramu 100, chipsi zinafika 300. Kiazi kikiwa kwenye karai, maji yake yanatoka kama mvuke na kuyasukuma mafuta nje. Kikitolewa na kuanza kupoa, mvuke unakatika na mafuta yaliyoshika juu yake yananyonywa ndani. Kwa hiyo mafuta mengi huingia baada ya chipsi kutoka motoni. Chipsi zilizorundikwa kwenye kabati la kioo bila kuchujwa zimeshakunywa za kutosha. Na karai lisilopata moto vizuri ni baya zaidi: gamba halishiki upesi, kiazi kinalegea na kulowa.

Halafu chipsi hizohizo zinaingia kwenye kikaango, zinamiminiwa mafuta mara ya pili, mara nyingi kwa upawa uleule wa karai, ndipo mayai yanafuata. Sahani ya gramu 250 za chipsi, mayai mawili na vijiko viwili vya mafuta ya kikaango inapita kalori 1,000. Mayai hapo ni kama 150 tu, hayana kosa. Kwa mwanamke anayelenga kalori 1,500 kwa siku, amebakiwa na chai.

Shuka hadi mara moja kwa wiki. Siku hiyo sema "nusu chipsi, mayai mawili, mafuta usiongeze", na uombe kachumbari ijaze sehemu iliyobaki. Mwambie achuje zikiwa bado moto kwa kutikisa chujio juu ya karai mara tano, sita. Siku nyingine mbili, kwa mama lishe wa jirani hapakosi wali maharage. Omba wali nusu, maharage yajae, mchuzi wa juu unaoelea mafuta auache sufuriani.

Asubuhi nakunywa chai ya maziwa vikombe vitatu na chapati mbili, halafu sili mpaka jioni. Mbona sipungui? (Nairobi)

Nusu kilo ya unga ikitoa chapati nane, kila moja ina unga wa kalori 225. Mafuta yanaingia mara tatu: kwenye kukanda, kwenye kupaka kabla ya kukunja, na kwenye kikaango. Yakijumlishwa yanafika kijiko kimoja na nusu kwa chapati, kalori 180 nyingine. Chapati mbili zinagonga 800. Ongeza sukari: vijiko viwili vya kujaza mlima kwa kikombe, vikombe vitatu, ni gramu 36 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya kalori za siku, na ingekuwa heri chini ya asilimia 5, ambayo kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 25. Umezipita kabla ya saa nne asubuhi. Na jioni, baada ya njaa ya siku nzima, hakuna anayekula kwa kipimo.

Chapati iwe moja, na yai la kuchemsha. Ukipika mwenyewe, kanda kwa maji ya moto ya kuvumilika mkononi na mafuta kijiko kimoja kwa nusu kilo, funika donge kwa nusu saa, ndipo ukate. Kikaango kiwe kikavu na moto wa kutosha. Choma pande zote mbili mpaka madoa yatokee, kisha paka kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa chapati nzima. Zipange kwenye kitambaa kisafi na kuzifunika, mvuke wake uzilainishe. Chapati ikiwa ngumu kama ngozi, usilaumu mafuta kuwa machache: moto ulikuwa mdogo ikakauka taratibu, au unga ulikandwa mkavu. Sukari ipunguze nusu kijiko kila wiki. Ulimi unazoea, usiikate yote siku moja.

Mwezi wa Ramadhani nafunga lakini naongezeka uzito. Soda sinywi, juisi tu ya nyumbani. (Unguja)

Jagi la ukwaju la lita mbili linalotiwa kikombe cha sukari, gramu 200, linampa kila mtu gramu 25 kwa glasi. Hiyo haiko mbali na soda. Juisi ya machungwa isiyotiwa kitu nayo hunywewa machungwa matatu au manne kwa dakika moja, na nani angeyamenya na kuyala yote? Tia sukari robo ya uliyozoea, au kula tunda lenyewe.

Jambo kubwa ni futari yenyewe. Muhogo wa nazi, ndizi za nazi, viazi karai, sambusa, kaimati, na tambi za sukari pembeni: wanga wa aina nne, karibu wote umeogeshwa tui au mafuta, na kaimati zimemaliza kwa shira. Tui zito mililita 100 lina kalori 200 hivi. Chagua mmoja wa nazi na mmoja wa kukaanga kwa jioni, vingine vingoje kesho. Chemsha muhogo kwa tui la pili lililo jepesi, kasimile, yaani tui zito la kwanza, itie mwishoni, isizidi ujazo wa kikombe kidogo cha kahawa, ladha na harufu vitakuwepo. Fungua kwa tende tatu na maji, zile ndogo hazifiki kalori 70 zote pamoja, kaswali, ndipo urudi mezani. Njaa ya kwanza ikishatulia, mkono hauchoti vilevile.

Chai za kupunguza tumbo zinafanya kazi? Na maji ya limau na asali? (Mwanza)

Nyingi ya chai hizo zina sanamaki, majani ya kuharisha. Yanafanya kazi kwenye utumbo mkubwa, na chakula kinapofika huko kalori zake nyingi zimeshachukuliwa kwenye utumbo mdogo. Unachopoteza ni maji na choo, vinarudi ukila na kunywa. Ukiendelea kwa wiki nyingi unapoteza na potasiamu, ambapo misuli inalegea na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Tusizungushe maneno: acha. Limau halina ubaya wala haliyeyushi mafuta. Asali vijiko viwili vya chakula ni kalori 130.

Nina kisukari, natumia vidonge. Naweza kuacha wanga wote? (Tanga)

Usianze peke yako. Baadhi ya vidonge, mfano glibenklamide, na sindano za insulini, huendelea kushusha sukari hata usipokula wanga, na unaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuzimia. Nenda kliniki na orodha ya dawa zako. Dozi irekebishwe kwanza, sahani ifuate.

Bia mbili za Ijumaa zina shida? (Arusha)

Bia ya mililita 500 ni kalori 200 hivi, mbili 400. Zinaweza kuingia kwenye hesabu ya wiki. Ila nyama choma inayofuata, na ndizi za kukaanga zinazoifuata nyama, huagizwa na bia ya tatu. Kula nyumbani kabla ya kutoka.